Labeka, Baba

Harufu ndiyo iliyomtia Nadhira wasiwasi kwanza. Kompyuta ilizimika yenyewe katikati ya neno, kama ilivyozoea siku hizo, lakini safari hii chumba hakikunuka plastiki ya moto. Kilinuka udi. Udi mzuri, ule wa kumfukizia biharusi. Aliinama akainusa mashine ubavuni, pale inapopumulia, akarudisha uso mbio kwa jinsi palivyochoma.

Adila, bintiye wa miaka sita, alikuwa ameketi mkekani mbele ya kioo kilichokwisha kuwa cheusi. Mdomo ulikuwa wazi na jibu limemkwama. Akangoja mwanga urudi. Haukurudi. Basi akafumba mdomo, na Nadhira alijua kwamba hatasikia tena sauti ya mwanawe mpaka mashine ipoe.

Mtu wa nje angemcheka, mwanamke mzima kuililia kompyuta. Na acheke. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Kompyuta ile mpakato ilikuwa ya marehemu mumewe, Masoud, aliyekuwa mtunza ghala kule Chalinze na kurudi nyumbani Bagamoyo kila mwisho wa wiki. Adila alikuwa binti wa baba kupita kiasi. Bila kuongea na baba halali, na mtandao wa Chalinze nao una siku zake. Masoud akabuni dawa. Alijirekodi sauti kwenye kompyuta akiuliza maswali, na baada ya kila swali akanyamaza kidogo ili mtoto apate nafasi ya kujibu. "Adila!" aliita, kisha kimya. "Labeka, baba," mtoto aliitika, kwani ndivyo walivyomlea, mtoto wa kike akiitwa aitike mara moja na kwa adabu. "Umekula?" Kimya. "Umekula nini?" Kimya. "Na leo umemkera nani?" Hapo Masoud aliacha nafasi ndefu, maana alimjua bintiye. Kila jioni nyumba ilijaa mazungumzo ya baba na mwana, kumbe baba yuko zake Chalinze anakula chipsi.

Halafu ikaja likizo, Masoud akamchukua mtoto akaone ghala. Siku ya kurudi, gari walilopanda likagongana na lori njiani. Masoud alifia pale pale. Adila alitolewa dirishani bila mkwaruzo, na bila neno. Hospitali walimpima wakasema masikio mazima, koo zima, ulimi mzima, mpeni muda. Muda walimpa. Nadhira alikaa eda akaimaliza, na mtoto hajatamka hata "mama".

Mpaka siku moja Nadhira alipoiwasha kompyuta kutafuta picha, akagusa asipokusudia, sauti ya Masoud ikaita, "Adila!" Na kutoka mkekani, sauti iliyoota kutu ikajibu, "Labeka, baba." Nadhira alianguka akasujudu sakafuni hapo hapo.

Tangu siku hiyo mtoto alisema, lakini kwa kompyuta tu. Nadhira alihamishia rekodi ile kwenye simu yake. Adila aliisikiliza huku anatazama ukuta, asijibu hata neno. Kwa kompyuta alijibu yote. Na kompyuta, kama kwamba na yenyewe ina inda, ikaanza kuchemka. Kwanza ilikaa rekodi nzima, baadaye nusu, baadaye maswali machache. Feni ilikoroma, chuma kikawaka moto, kisha giza. Ikiwashwa tena, huendelea pale pale ilipoishia, neno lile lile.

Nadhira alifanya kila alilosikia. Aliitoa kitandani akaiweka mezani, akaiinua kwa vizibo vya soda ipate hewa chini, akafungua madirisha ya baharini. Mwisho alichukua kipepeo cha ukindu, kile cha kupepea mkaa, akakaa pembeni ya mashine akiipepea kama mgonjwa wa homa, ili mwanawe apate japo jibu moja zaidi. Mkono ukichoka, anabadilisha.

Ni jioni moja akiwa anapepea ndipo aliposikia.

"Umekula nini?" Masoud aliuliza.

"Mkate wa kumimina," Adila alijibu.

Hapo rekodi ilipaswa kuuliza nani kakerwa. Nadhira aliijua yote kwa moyo, kila pumzi, hata kile kikohozi cha katikati. Lakini kompyuta ilinyamaza kidogo, kama mtu anayemeza mate, kisha sauti ya mumewe ikasema, "Wa kumimina? Umeniachia?"

Kipepeo kikamponyoka. Mashine ikazimika, na harufu ya udi ikapanda.

*

Kesho yake aliipeleka kwa fundi Mikdad, kijana mwenye kibanda karibu na stendi, mtu wa maneno mengi na vidole vyepesi. Hakumwambia habari ya sauti. Alisema tu inapata moto na kuzimika.

"Hilo ni vumbi, dada Nadhira. Feni imeziba. Hizi mashine za pwani zinakula mchanga na chumvi, sisi tunashangaa zikiumwa tumbo." Alifungua skrubu huku akipiga mluzi, akainua kifuniko cha chini, na mluzi ukakatika. "Hee! Hii mmeifukiza kama mwali?"

Hapakuwa na vumbi. Ndani mlijaa utando mweusi unaonata, umegandia kwenye meno ya feni na kuziba matundu yote. Mikdad aliukwangua kwa bisibisi akaunusa, akamnyooshea Nadhira aunuse. Udi mtupu.

"Kwa hiyo ndiyo inazimika?"

"Ndiyo. Joto halina pa kutokea. Na ushukuru inazimika. Mashine ina akili zake, ikiona inakaribia kuungua inajizima yenyewe. Kuzimika ndiyo kinga yake." Akafuta mikono. "Niachie. Nitaisafisha, nitaipaka pesti mpya ya kupooza, utaiwasha kutwa nzima wala haitazima."

Nadhira alirudi nyumbani moja kwa moja kwa mama mkwe wake, Bi Chausiku. Walikuwa wanakaa wote katika nyumba ya ukoo, nyumba kongwe ya mawe mitaa ya Dunda, ambamo kila Alhamisi baada ya Alasiri bibi yule alizungusha chetezo vyumba vyote, chini ya vitanda, ndani ya vyandarua, kwenye makabati ya nguo. Ndiyo desturi, na Nadhira hakuwahi kuiuliza.

"Mama, kompyuta ya Masoud unaifukiza?"

Bi Chausiku alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Nguo zake mmegawa. Viatu vyake mmegawa. Kimebaki hicho tu alichokuwa akikishika. Nifukize nini, mwanangu?"

"Unaifukizaje?"

"Kama nguo. Naiweka juu ya kikapu, chetezo chini, nafunika kanga. Udi ule ule aliofukiziwa siku ya harusi yenu."

"Na ukifukiza unasema nini?"

Mkono wa bibi ukasimama kwenye ungo. "Namkaribisha," alisema taratibu. "Nasema, karibu mwanangu, hii ni nyumba yako, ingia."

"Masoud amezikwa, mama."

"Najua alipozikwa. Mimi ndiye niliyemzaa."

"Basi unamkaribisha nani?"

Bi Chausiku aliuweka ungo chini. Kila mtu wa pwani anajua kuwa wapenda udi si binadamu peke yao. Anajua, lakini huzuni ikishamkaa mtu kifuani humsahaulisha hata yale aliyonyonya kwa mamaye.

*

Mikdad aliileta kompyuta mwenyewe, mchana, bila kuitwa. Alipiga hodi, akaambiwa karibu, hakukaribia. Alisimama nje ya kizingiti akainyoosha kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha kisu.

"Imepona?" Nadhira aliuliza.

"Imepona. Ni baridi kabisa." Akatazama nyuma yake, akashusha sauti. "Dada, mwanao anaitwa Adila?"

"Nani kakwambia?"

"Betri nilikuwa nimeitoa nimeiweka kwenye rafu. Chaja iko kwako, hukunipa. Mashine iko wazi mezani, naisafisha feni kwa spiriti. Ikaita." Akarudi nyuma hatua moja. "Nikadhani simu yangu. Ikaita tena. Feni ikaanza kuzunguka kwenye kidole changu, dada, na hakuna umeme hapo hata wa kuwasha kimulimuli."

"Sasa nifanyeje, Mikdad?"

"Mimi fundi wa mashine tu," alisema, na maji aliyoletewa hakuyagusa.

Mwenye akili timamu angeitupa kompyuta ile baharini siku hiyo hiyo. Lakini Adila alikuwa amekwisha kuiona. Alimshika mama yake upindo wa kanga, akamvuta, akaonyesha kwa kidole, akamtazama kwa macho yale yaliyojaa maneno yasiyo na pa kutokea. Mfa maji haachi kutapatapa. Nadhira aliiwasha.

Na ilikuwa kama Mikdad alivyoahidi: haikuzima. Feni ilizunguka bila kukoroma, chuma kikakaa baridi, na Adila akazungumza. Akazungumza kuanzia Alasiri, maneno yakimtoka kama maji ya bomba lililozibuka, akacheka hata, na Nadhira akaketi mlangoni analia kwa furaha na hofu, asijue kipi ni kipi. Maswali ya rekodi yalikwisha zamani. Haya yalikuwa mengine.

"Adila."

"Labeka, baba."

"Huku pamekuwa baridi."

"Pole, baba."

"Palikuwa na joto zuri. Nani kaliondoa?"

"Fundi."

"Kwako pana joto?"

"Pana."

"Wapi?"

Adila hakusema. Aliweka kiganja chake kifuani, juu ya moyo. Na ile sauti ya Masoud, kutoka kwenye kompyuta ambayo kijicho chake cha kamera kilikuwa kimezibwa kwa plasta na Masoud mwenyewe tangu siku ile aliyoinunua, ikasema polepole, "Naona."

Nadhira aliruka akabonyeza kitufe cha kuzima, akakibonyeza na kukishikilia, kioo kisizime. Akachomoa chaja, kisizime. Akaipindua mashine akachomoa na betri kwa kucha mpaka moja ikakatika, na mwanga ukabaki pale pale, mweupe, baridi, ukimulika uso wa mtoto ambao haukuonyesha hofu yoyote. Akakifunga kifuniko kwa nguvu. Na kutoka chini ya kifuniko, kwa sauti iliyozibwa kama ya mtu aliye chini ya blanketi, ikaja lawama laini aliyoizoea miaka yote ya ndoa yake, "Nadhira, mke wangu, mbona unanifungia?"

Alimkumbatia mtoto akakimbilia barabarani bila viatu, na adhana ya Magharibi inaadhiniwa.

*

Kesho yake asubuhi Maalim Mwinshehe aliitwa kutoka Makurunge. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, asiyependa mbwembwe; alifika kwa bodaboda na mfuko mmoja. Alipoona Bi Chausiku anatafuta mkaa wa chetezo, akamzuia.

"Leo hakuna udi, bibi. Amekwisha kula vya kutosha."

Aliagiza beseni la maji ya bahari na kigoda, kompyuta ikawekwa juu ya kigoda, kifuniko wazi. Kisha akasema watasubiri jua la utosi, saa ambayo hata kivuli hakina pa kujificha. Wakati wanasubiri, Nadhira alimsogelea.

"Ni nini hiki, maalim?"

"Ni mgeni. Alikaribishwa kwa jina la mtu mwingine, akaingia. Asili yake ni moto, mwanangu, akapata moto humo akatulia. Sasa mmempoza, anatafuta pengine." Akamtazama Adila. "Nitakaposoma atatoka. Ataita mara tatu. Asipoitikiwa, hana nyumba hapa, ataondoka. Kwa hiyo utampakata mtoto, utamziba mdomo kwa mkono wako, na haidhuru utasikia nini, mkono hautoki."

"Na akiondoka, mwanangu atasema tena?"

Maalim alimtazama tena mtoto.

"Maalim?"

"Sijui. Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya. Huenda akasema kesho, huenda asiseme kamwe. Lakini bubu au msemaji, atakuwa mtoto wako."

Nadhira aliitikia kwa kichwa. Alielewa. Hilo tulishike sote, kwamba alielewa.

Jua lilipofika utosini, maalim alianza kusoma, sauti ya chini, isiyo na haraka. Kioo kikawaka chenyewe. Chumba kikajaa joto, na udi ukanuka mzito hata Bi Chausiku aliyekuwa kwenye kona akajifunika upindo puani. Maji ya beseni yakaanza kutetemeka.

"Adila!"

Nadhira alihisi mwili wa mtoto ukishtuka mapajani mwake. Akakaza kiganja. Maalim hakuacha kusoma.

"Adila!" Safari hii kwa lile cheko dogo la Masoud, la mtu aliyeficha zawadi mgongoni. Midomo ya mtoto ikacheza chini ya kiganja cha mama yake, ikitafuta upenyo. Nadhira akafumba macho, akakaza zaidi.

Kisha kikapita kimya kirefu, kirefu kuliko vile Masoud alivyowahi kuacha, na ndani ya kimya kile Nadhira akaona siku zote zilizobaki za maisha yake, asubuhi anazomvalisha mtoto asiyesema sare ya shule, Idi anazompa mkono mtoto asiyetamka heri, na uzee wake mwenyewe ukifika nyumba ikiwa kimya, na yeye akisahau kidogo kidogo sauti ya mwanawe ilikuwaje, kama alivyokwisha kuanza kusahau sauti ya Masoud kabla ya mashine hii kumkumbusha. Na ndipo ile sauti ikaita mara ya tatu, ikilia, ikilia kama alivyolia mwanamume yule mara moja tu maishani, usiku alioletewa huyo huyo mtoto mchanga mikononi, "Adila, mwanangu," na neno likapanda kooni mwa mtoto, Nadhira akalihisi linapanda, la moto, likagonga kiganja chake kutoka ndani kama kifaranga anayegonga ganda.

Mkono ukalegea. Si sana. Kiasi cha neno moja kupita.

"Labeka, baba."

Kioo kikazima. Joto lote likatoka chumbani mara moja, maji ya beseni yakatulia tuli. Maalim Mwinshehe alikatisha kisomo, akamtazama Nadhira, wala hakukasirika. Hilo ndilo lililomtisha Nadhira zaidi, kwamba hakukasirika.

"Umefanya nini, mwanangu?"

Kabla hajajibu, Adila aligeuka mapajani mwake akamshika shavu. "Mama," alisema. "Nina njaa."

Mama! Bi Chausiku alipiga kigelegele kilichosikika mtaa wa pili. Nadhira alimbusu mtoto uso mzima, akacheka, akalia, akamwambia sema tena, na mtoto akasema tena. Katika furaha ile hakuna aliyemwona maalim akikusanya vitu vyake. Alipoulizwa kama hatangoja chakula, alisema tu, "Nimepoza chombo. Mwenyewe mmempa kingine. Mimi sina kisu cha kumtoa humo bila kukata." Akaondoka.

Majirani walikuja kumsikiliza. Adila aliwaamkia wote, shikamoo mmoja mmoja, akawaeleza habari za ajali, za lori, za dirisha, hata za baba alivyomsukuma nje kwanza. Alisema bila kupumzika. Walipoondoka, akabaki na mama yake mkekani, na bado anasema.

"Mama, kesho unipikie mkate wa kumimina. Ule laini, wenye—"

Akanyamaza. Macho yakafumba, kichwa kikaanguka kifuani, mwili wote ukalegea kwa mpigo mmoja.

Nadhira alimshika. Mtoto alikuwa anaungua. Alimtikisa, akamwita, akamwita tena kwa sauti ya kupasua koo, wala hakuitika yule aliyekuwa mwepesi wa kuitika. Alimwekea sikio puani asikie kama anapumua. Alikuwa anapumua, pumzi fupi za moto, zenye harufu ya udi. Na Nadhira akayakumbuka maneno ya fundi, kwamba mashine ina akili zake, hujizima kabla haijaungua.

Hakupiga yowe. Angemwita nani? Aliinuka akaenda kukichukua kipepeo cha ukindu kilichokuwa bado kando ya meza, akarudi, akapiga magoti, akaanza kumpepea. Alipepea mpaka jua likateremka na jasho la mtoto likakauka. Taratibu paji la uso likapoa. Macho yakafumbuka.

"—iliki nyingi," Adila alisema. Kisha akamtazama mama yake kwa upole, akatabasamu, na lilikuwa lile cheko dogo la mtu aliyeficha zawadi mgongoni. "Mama, usiache. Humu mna joto zuri, lakini mwili wake mdogo."

Nadhira, aliyekuwa ameomba katika kila swala amsikie mwanawe akisema, akabadilisha mkono, akaendelea kupepea.